Binamu wa Hamira

Babu yangu wa Rubindi alikanyaga ndizi kwenye nyasi,
akamimina maji yake ndani ya mtumbwi wa mbao,
akatupia mtama uliokaangwa,
akafunika kwa majani ya mgomba, akaenda zake kulala.
Usiku kitu kikaanza kupumua mle ndani.
"Usifunue," alinionya, "anafanya kazi."
Hakusema nani.

Sasa namjua.
Nina darubini, nina koti jeupe lenye doa la wino mfukoni,
na jokofu hapa Mbarara linalokoroma kama mlevi,
nyuzi themanini chini ya sifuri.
Ndani yake, katika kichupa cha ukubwa wa kidole,
yumo binamu wa yule aliyechachusha tonto:
K-17,
aliyetoka katika damu ya mtoto wa Katushabe.

Mtoto wa Katushabe. Ndivyo ilivyoandikwa
kwenye utepe wa plasta, kifundoni mwa mguu.
Gramu elfu moja na mia moja.
Jina litasubiri, mama yake alisema,
mtu hapewi jina kupitia dirisha.
Siku ya tisa mwili ukapoa badala ya kuchemka.
Damu ikaletwa kwangu. Siku ya kumi na moja
nikaona juu ya sahani vidoa vyeupe, laini, kama maziwa yaliyoganda,
vizuri, Mungu nisamehe, vizuri kutazama.
Flukonazoli: anaogelea ndani yake.
Ile ya manjano tunayoificha isione mwanga:
chupa mbili stoo, na figo za ukubwa wa haragwe.
Siku ya kumi na tatu
utepe ulikatwa.

Watu huniuliza, hata wasomi:
bakteria mmewapatia dawa tele,
huyu kawashindia wapi?
Bakteria ni mgeni, nawajibu. Mgeni hujulikana kwa viatu mlangoni.
Huyu ni wa ukoo. Seli yake ina kiini kama yangu,
sukari anayoila ndiyo niilayo,
ukimrushia jiwe gizani
unasikia mwanao akilia.
Tunatafuta alichonacho yeye peke yake:
ukuta.
Seli zetu hazina ukuta, zinaishi hemani.
Basi Daktari Nuwagaba akasema, tumfuate fundi anayeujenga.

Mwaka wa nne huu tunamfuata.
Molekuli ya tatu ilimuua K-17, na panya pia.
Ya ishirini na mbili haikuua kitu.
Ya arobaini iligoma kuyeyuka majini, ikayeyuka kwenye pombe;
Nuwagaba akacheka: babu yako angeipenda.
Tulipofika ya hamsini na nane umeme ulikatika,
jenereta halina dizeli,
nikakimbia na vichupa hadi kwa wauza samaki kuomba barafu.
Naam, kwa mikono hii nilimwokoa muuaji,
nikihema, nikimwombea asife.

Jumanne hii, ya sitini na moja.
Nimefunua sahani saa kumi na moja alfajiri.
Zulia jeupe, na katikati, kulizunguka tone la dawa,
duara tupu,
upana wa sarafu ya shilingi mia tano.
Nimelipima mara tatu. Sikupiga kelele.
Baada ya sahani kuna panya, baada ya panya figo za panya,
halafu watu wa kujitolea, halafu karatasi,
na fedha za wasioijua Rubindi iko upande gani.
Miaka saba, anasema Nuwagaba, tukibahatika.

Katushabe huuza obushera karibu na lango la hospitali.
Mtama uleule, kuchacha kulekule.
Leo nimekwenda kununua kikombe, nikitaka kumwambia habari ya duara.
Akanijazia, akaongeza kidogo juu, ya bure,
akauliza, "Yule mliyemtoa kwa mwanangu, bado mnaye?"
"Tunaye."
"Hai?"
"Hai."
Akapangusa mdomo wa kikombe kingine kwa kitambaa, taratibu.
"Basi mlindeni," akasema,
"asije akafa mwenyewe."